Shatidauni ya siku 14 iliyokwenda 19: siku zilipotelea wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nimepewa kupanga shatidauni ya mwaka ya kiwanda chetu, yaani kukisimamisha kwa matengenezo, na ni mara yangu ya kwanza. Tuna boila, vinu, konveya, kompresa na pampu nyingi. Mwaka jana tulipanga siku 14 tukafika 19, kwa sababu kila mtambo uliofunguliwa ulikutwa na kazi mpya. Na baada ya kuwasha, pampu mbili zilirudi karakana wiki hiyohiyo. Safari hii meneja anataka siku 12. Mkononi nina orodha ya kazi zaidi ya 400 na programu ya kompyuta ya kupangia ratiba. Nianzie wapi? Niombe mafundi zaidi?

JIBU: Marahaba. Mafundi usiombe kwanza, na hiyo programu iache ipumzike kidogo. Anza na makaratasi. Tafuta vitabu vya zamu vya mwaka jana pamoja na vibali vya kazi vilivyotolewa (karatasi zinazomruhusu fundi kugusa mtambo), uchambue humo nyakati nne: saa uzalishaji uliposimama, saa fundi wa kwanza alipopewa kibali cha kufungua mtambo mkubwa, saa kibali cha mwisho kiliporudishwa, na saa bidhaa ya kwanza iliyokubalika ilipotoka. Nyakati hizo zinaigawa shatidauni vipande vitatu: waendeshaji kuwakabidhi mafundi mtambo, matengenezo yenyewe, na mafundi kuurudisha mtambo kwa waendeshaji.

Sijaviona vitabu vyenu, lakini sitashangaa ukikuta kwamba kipande cha kati, ambacho ndicho kila mtu anakilaumu, kilikwenda karibu na ratiba. Siku huliwa kwenye makabidhiano, kule ambako ratiba ilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa “zima mtambo” na mwingine ulioandikwa “washa mtambo”. Hizo si kazi za mstari mmoja.

Chukua kuzima. Boila haipoi kwa amri ya ofisini. Ukiifungulia milango ikiwa bado ya moto ili upepo uipoze haraka, matofali ya ndani yanayostahimili moto yanapasuka na maungio ya mabomba yanalegea, kisha unaitumia shatidauni kutengeneza ulichokiharibu mwenyewe saa za mwanzo. Baada ya kupoza kuna kumwaga, kusafisha, kutoa gesi au vumbi, na kuutenga mtambo na kila nguvu inayoweza kuufikia. Waambie waendeshaji wakuandikie ratiba ya kuzima kwa saa, siyo kwa siku, na waisaini wao. Ukiwaandikia wewe, utaandika unachotamani.

Kwenye kutenga mtambo, tembea na mchoro mkononi wiki kadhaa kabla, uipe namba kila sehemu ya kuzibia: vali ipi ifungwe, bamba la kuzibia liingizwe flanji ipi (maungio ya bomba yanayokazwa kwa bolti), swichi ipi ifungwe kwa kufuli, na nani atahakiki. Vali iliyofungwa haitoshi pale mtu anapoingia ndani ya chombo, maana vali hupitisha, na iliyozeeka hupitisha zaidi. Usiutazame umeme peke yake pia. Mvuke, hewa ya shinikizo, mafuta ya hidroliki, springi iliyokazwa na lile zito linalovuta mkanda wa konveya vyote vinaweza kumuua mtu hata mtambo ukiwa umezimwa kabisa. Kila fundi aweke kufuli lake mwenyewe, ufunguo ukae mfukoni mwake, halafu mtu abonyeze kitufe cha kuwashia ili wote waone kwamba hauwaki.

Sasa piga hesabu ambayo wapangaji wengi huiruka. Asubuhi ya siku ya kwanza vikundi 60 vinasimama kwenye meza moja kusubiri vibali. Kila kibali kikichukua dakika 10 tu, cha mwisho kinatoka baada ya saa 10. Zamu nzima imekwenda, mafundi wamekaa juu ya masanduku yao, na mkandarasi anaandika saa hizo kwenye ankara. Kuongeza mafundi kunarefusha foleni hiyo. Dawa yake ni kuandika vibali mapema, vikiwa na hatari zake na namba za sehemu za kuzibia, vibaki kusainiwa tu baada ya msimamizi kwenda kuona mahali penyewe. Kuwa na watoa vibali kwa kila eneo. Na kuvipa vikundi saa tofauti za kuanza.

Foleni isikufanye ukidharau kibali chenyewe. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya matengenezo, na vali yake ya usalama imeondolewa ikapimwe. Pale ilipotolewa pamezibwa kwa bamba ambalo halikukazwa ipasavyo. Pampu ilikuwa na kibali chake na vali kibali chake, na vibali hivyo havikuwekwa pamoja. Pampu ya pili ilipogoma, zamu ya usiku ikaiwasha ile ya kwanza bila kujua kwamba haina vali. Watu 167 walikufa. Kwa hiyo vibali vyote vinavyogusa mtambo mmoja vikae kwenye kijalada kimoja, kila kimoja kitaje namba ya mwenzake, na zamu inayotoka iitembeze inayoingia mpaka kwenye mtambo. Kusimuliana getini hakutoshi.

Vyombo vya kuingia ndani nitavipitia haraka kwa sababu naamini mna utaratibu: pima hewa kabla ya kila kuingia na mara kwa mara kazi inapoendelea, oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5, gesi inayowaka iwe chini ya asilimia 10 ya kiwango chake cha chini cha kuwaka, na awepo mtu mlangoni asiye na kazi nyingine yoyote. Kama mnatumia naitrojeni kusafishia mabomba, kumbuka haina harufu. Mtu haoni dalili, anaanguka tu, na anayemkimbilia anaanguka juu yake.

Tuje kwenye kazi zako 400. Naomba usiziingize kwenye kompyuta bado. Ipitishe kila moja kwenye swali hili: je, lazima kiwanda kisimame ndipo hii ifanyike? Pampu yenye mwenzake wa akiba, feni ya jengo, rangi, taa za njiani, ukarabati wa mota iliyoko stoo, yote hayo hayana haki ya kuwa kwenye shatidauni. Yanaingia kwa sababu kila idara inaona “kiwanda si kimesimama, tumalizane na hili pia”. Zinazobaki ziulize jingine: tusipoifanya sasa, mtambo utafika shatidauni ijayo? Hapo utahitaji vipimo, maana kila mtu atakuambia mtambo wake uko taabani. Dai mtetemo, joto la beringi, sampuli ya mafuta, unene wa bomba uliopimwa kwa mawimbi ya sauti, orodha ya sehemu zinazovuja.

Kupunguza kazi hakusaidii ratiba tu, kunausaidia na mtambo wenyewe. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, waliandika ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia 68 ya vipengele vya ndege vilivyochunguzwa vilikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuharibika mwanzoni, mara tu baada ya kufungwa, kisha hatari ikashuka na kutulia. Kiwanda si ndege, na sehemu inayosagika kama bamba za ndani za kinu ina umri wake unaojulikana. Lakini mtambo unaozunguka vizuri, wenye vipimo vizuri, ukiufungua “kuangalia tu” unaweza kuuingizia uchafu na makosa ambayo haukuwa nayo.

Orodha ikishachujwa, ifunge kwa tarehe. Miezi kadhaa kabla ya kuzima ni sawa. Kama kuna vipuri vya kuagiza mbali, mapema zaidi. Baada ya tarehe hiyo kazi mpya iingie kwa saini ya yuleyule anayedai tarehe ya kumaliza. Utashangaa jinsi maombi ya dharura yanavyopungua.

Hizo kazi mlizozikuta baada ya kufungua mtambo, sizihesabu zote kuwa ajali. Ukifungua kinu utakuta bamba zilizoliwa, ukifungua boila utakuta bomba lililokonda. Usichojua ni mangapi. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Kwanza, mitambo mnayoitilia shaka zaidi ifunguliwe na kukaguliwa ndani ya saa 48 za mwanzo, hata kama matengenezo yake yamepangwa wiki ya pili. Kugundua ufa siku ya pili ni kazi. Kuugundua siku ya tisa ni msiba. Pili, andika maamuzi kabla ya kuona. Kwa mfano, bomba likipimwa na kukutwa chini ya unene fulani linakatwa na kubadilishwa, bomba jipya liko stoo, mchomeleaji mwenye cheti yuko zamu, na saa zake ziko kwenye ratiba. Likiwa juu ya hapo linabaki. Kiwango hicho kipangwe na mhandisi na mkaguzi wakiwa wamelala vizuri, si saa nane za usiku huku watu wanane wamezunguka ufa wanabishana.

Uchovu wa aina hiyo ndio unaozaa njia za mkato. Kule Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, tanki moja kati ya sita ya mchakato wa kemikali lilikutwa na ufa. Likaondolewa, na mahali pake pakaungwa bomba la muda ili uzalishaji urudi upesi. Bomba hilo halikufanyiwa hesabu za kihandisi zinazostahili. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Tarehe 1 Juni lilikatika na watu 28 wakafa. Mabadiliko yoyote mtakayobuni katikati ya shatidauni, hata ya kipande kifupi cha bomba, yasainiwe na mhandisi anayeelewa shinikizo na joto la pale. Kama hayupo kazini usiku, namba yake ya simu iwe ukutani.

Vipuri sina maneno mengi. Kompyuta ikisema “ipo”, nenda uishike. Fungua sanduku, pima kwa kalipa, linganisha na mchoro. Beringi kubwa, giaboksi na matofali maalumu huchukua miezi kufika, lakini mara nyingi kinachosimamisha kazi ni gasketi ya bei ndogo ambayo hakuna aliyeihesabu. Kila kazi iwe na sanduku lake lenye namba ya kazi, na ndani yake kila kitu mpaka bolti.

Ratiba sasa, na hapa ndipo utapata jibu la siku 12. Kati ya kazi zako zote kuna mnyororo mmoja mrefu ambao hakuna namna ya kuufupisha kwa kufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwenye kiwanda kama chenu nadhani utapita kwenye boila. Tuseme hivi: kupoza na kumwaga saa 36, kufungua na kusafisha 24, kujenga jukwaa na kukagua 24, kubadilisha mabomba 72, kupima kwa maji na kufunga 24, kukausha matofali mapya 48, kupandisha mvuke na kupima vali za usalama 24. Jumla saa 252, yaani siku 10 na nusu, na hujakuta kitu hata kimoja. Kwenye siku 12 zinabaki saa 36 za kumeza kila kitakachogunduliwa. Weka namba zenu halisi mahali pa hizi zangu.

Mnyororo huo ndio upewe zamu mbili, krini (mashine ya kunyanyulia mizigo) kwanza, mkaguzi kwanza, msimamizi bora. Kazi nyingine zizunguke pembeni yake. Kosa ninalokutana nalo sana ni kuziendesha kazi zote 400 kwa haraka ileile, kisha krini moja inahitajika sehemu tatu saa moja, na jukwaa la boila linasubiri kwa sababu wajenzi wa majukwaa wako kwenye bomba la maji ya bustani. Krini na majukwaa yawe na ratiba yake binafsi ya saa kwa saa.

Na hapo ndipo swali la mafundi linapata jibu. Ndani ya kinu wakienea watu wanne, wa nane anashika tochi. Ongeza watu pale tu ambapo kuna nafasi ya kusimama, kifaa cha kushika na msimamizi wa kuwaangalia. Wakitokea nje, wafike siku mbili kabla wafundishwe usalama wa hapo na waoneshwe mtambo, la sivyo siku yao ya kwanza utaipoteza wakitafuta choo na stoo. Zamu za saa 12 zinavumilika kwa muda. Mtu aliyefanya kazi siku 10 mfululizo bila kupumzika hakazi bolti kama alivyoikaza siku ya pili.

Kufuatilia maendeleo, kataa asilimia. Kazi iliyofika “asilimia 90” inaweza kukaa hapo siku tatu. Dai hesabu: mabomba mangapi yamebadilishwa kati ya mangapi, flanji ngapi zimefungwa, bamba ngapi za kuzibia zimetolewa. Kila mwisho wa zamu, mkutano wa kusimama, dakika 20, mazungumzo yawe ya saa 24 zijazo na vizuizi vyake. Lawama zina siku yake.

Zile pampu mbili zilizorudi. Bila kuziona siwezi kukuambia ni nini hasa, lakini wapi pa kuangalia ninajua. Je, shafti ya mota na ya pampu zilipangwa mstari mmoja kabla au baada ya mabomba kufungwa? Bomba linalovutwa kwa nguvu ili lifike kwenye flanji linaivuta pampu nzima, na upimaji wa mwanzo unakuwa bure. Pima tena bolti za mabomba zikishakazwa. Miguu minne ya mota ikae yote kwenye msingi kabla ya kukazwa. Mmoja ukiwa hewani, kuukaza kunakunja mwili wa mota. Beringi ilipashwaje moto? Ya kawaida inatosha nyuzijoto 110, isizidi 120, kwa hita yake maalumu, kamwe si kwa mwali wa gesi. Ilifungwa mahali safi, au pembeni ya mtu anayesaga chuma? Grisi ilikuwa kiasi gani? Kujaza mpaka pomoni huichemsha. Na mota iliunganishwa upya umeme: kubadilishana kwa nyaya mbili kati ya tatu kunaigeuza izunguke kinyume, hivyo ijaribiwe peke yake kabla ya kapilingi, kiungo cha mota na pampu, kufungwa.

Flanji nazo. Gasketi mpya kila zinapofunguliwa, bolti safi zilizopakwa grisi inayostahili, kukaza kwa kuvuka upande wa pili, kwa awamu, mathalani asilimia 30 ya nguvu inayotakiwa, kisha 70, kisha 100, halafu mzunguko mmoja wa mwisho. Aliyekaza aandike jina lake kwenye lebo na kuining'iniza hapo. Lebo hiyo inafanya kazi kuliko hotuba.

Kuwasha ni kazi yenye saa zake, na ndiyo hatari kuliko zote. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, tarehe 23 Machi 2005, sehemu moja ilikuwa ikiwashwa baada ya matengenezo. Mnara wa kutenganishia mafuta ukajazwa kupita kiasi huku vipimo vya kina vikiwadanganya waendeshaji, mafuta yakamwagika nje na kulipuka. Wote 15 waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, ndani na kando ya ofisi za muda zilizowekwa karibu kwa ajili ya kazi nyingine. Hawakuwa na shughuli na mnara ule. Kwa hiyo kabla ya kuwasha: gaji na kengele za tahadhari zijaribiwe moja moja, bamba za kuzibia zihesabiwe zilizoingia na zilizotoka mpaka zilingane, mhandisi, msimamizi wa usalama na mwendeshaji watembee pamoja na orodha, na kila asiyehusika na kuwasha aondoke eneo hilo. Makontena ya wakandarasi yapangiwe mahali tangu mwanzo, mbali na mitambo inayowashwa.

Meneja wako sasa. Usimwambie “haiwezekani”, na usikubali siku 12 halafu ukaombe radhi siku ya kumi na tatu. Mpelekee karatasi moja yenye zile nyakati nne za mwaka jana, mnyororo mrefu kwa saa, na kazi ambazo zikitolewa zinaufupisha. Pengine mabomba yanaweza kubadilishwa nusu mwaka huu na nusu mwaka ujao kama unene unaruhusu. Pengine matofali hayaguswi. Pengine kukodi krini ya pili kunaokoa saa 10, na gharama yake ni ndogo kuliko uzalishaji wa saa hizo. Hilo mhasibu atakukokotolea. Kama mnyororo ukibanwa vyema unabaki siku 13, mwandikie 13, na umwoneshe ni kazi ipi inayodai hiyo ya ziada. Saini yake iwe chini ya karatasi hiyo kabla orodha haijafungwa.